Vitabu Tunavyowanyima Wanafunzi Wetu

Liko swali moja ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatupendi kuulizwa. Si swali la ngeli, wala la mnyambuliko wa vitenzi, wala la tofauti baina ya shairi na utenzi. Hayo tumeyasomea na majibu yake tunayo. Swali lenyewe ni jepesi kwa kulitamka: "Mwalimu, nipendekezee kitabu." Mwulizaji akitaka riwaya, tunamtajia Shaaban Robert, Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed bila ya kufikiri. Akitaka tamthilia, tunamtajia Ebrahim Hussein. Lakini akitaka kitabu cha jambo jingine lolote la dunia hii, ulimi wetu huwa mzito, na mwisho wake humwelekeza kwenye lugha ya watu wengine.

Hapa Mute, katika wilaya ya Palma, kijana mmoja anayejifunza Kiswahili sanifu aliomba vitabu viwili kwa mpigo mmoja. Cha kwanza kimweleze jinsi vijana wenzake wanavyozunguka nchi za Ulaya na shanta mgongoni, wakipanda treni, wakilala mahali pa bei nafuu na kujipikia chakula chao. Cha pili kiwe cha nadharia ya muziki, lakini kiwe kitabu ambacho mtu asiyekuwa mtaalamu anaweza kukisoma akakimaliza. Yeye anapiga kinanda kwa kusikia tu, na sasa anataka kujua kwa nini sauti fulani hupatana na nyingine hugombana.

Nimelipeleka ombi hilo kwa walimu wenzangu kadhaa, wa huku kwetu na wa ng'ambo ya mto Ruvuma, nikapata majibu ya namna tatu. Wa kwanza walisema kwamba vitabu kama hivyo havipo katika Kiswahili. Wa pili walisema kwamba mambo hayo hayamfai mtoto wa mvuvi wa Cabo Delgado. Wa tatu walisema kwamba hiyo si kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Nayakataa majibu yote matatu. Lugha inayomwambia mwanafunzi wake "kwa hilo nenda kwingine" inamfundisha kuiacha, na sisi ndio tunaoifanya iseme hivyo.

Je, havipo?

Tuanze na safari. Anayesema kwamba Kiswahili hakina habari za kutembea Ulaya hajalifungua kabati lake mwenyewe. Mwaka 1894 C. G. Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili. Ndani yake imo habari ya Amur bin Nasur, mtu wa Unguja aliyekwenda kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki mjini humo, akaandika aliyoyaona. Mwaka 1901 Carl Velten akatoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo Salim bin Abakari, Mngazija, anasimulia jinsi alivyofuatana mwaka 1896 na bwana wake wa Kijerumani, Bumiller, hadi Urusi, Siberia na nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Tulitafakari jambo hili. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, mtu wa visiwa vinavyotazamana na pwani yetu alieleza kwa Kiswahili nchi ambazo wengi wetu hata leo tungetatizika kuzionyesha kwenye ramani.

Baada yao akaja Martin Kayamba wa Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikichunguza suala la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Na katika wakati wetu, mwaka 2013, Adam Shafi ametupa Mbali na Nyumbani, kitabu cha kumbukumbu za kijana wa Unguja aliyeondoka kwao kuitafuta njia ya Ulaya kwa kuungaunga safari, nchi baada ya nchi, mfukoni hamna kitu cha maana. Ikiwa hicho si kitabu cha safari ya shanta, basi sijui tunakitafuta kipi.

Tumevifanyia nini vitabu hivyo? Vya Büttner na Velten tumewaachia wataalamu wa historia ya lugha, wanaovisoma ili kuona namna maneno yalivyoandikwa zamani. Cha Kayamba tunakitaja kwa jina katika orodha za historia ya fasihi, na wengi wanaokitaja hawajakishika mkononi. Cha Adam Shafi tunakifundisha, lakini tunamwuliza mwanafunzi maswali ya wahusika, dhamira na mbinu za usanii. Hatumwulizi: kijana huyu alilala wapi? Alikula nini? Alivukaje mpaka? Wewe ungefanya nini? Kwa hiyo mwanafunzi hufaulu mtihani bila kugundua kwamba amesoma kitabu cha safari.

Sitaki nieleweke vibaya. Salim bin Abakari alisafiri akiwa mtumishi, na maandishi yake yalikusanywa ili Wajerumani wajifunzie lugha ya watu waliokuwa wakiwatawala. Kayamba alikuwa karani mkubwa wa serikali ya kikoloni, na mengi aliyoyaona Uingereza aliyaona kwa macho ya mtu aliyekirimiwa. Mwalimu anayevipendekeza vitabu hivi yampasa aseme hayo waziwazi. Lakini jicho la mtu wa kwetu linaloitazama Ulaya ni amali ambayo kitabu cha Mwingereza hakiwezi kuitoa. Anayezaliwa Ulaya hashangai kuona treni inaondoka kwa dakika iliyoandikwa. Mgeni hushangaa, na katika kushangaa kwake ndipo msomaji hujifunza.

Yako, hata hivyo, mambo ambayo vitabu hivyo havina, nayo ni maarifa ya kila siku: nauli, malazi, tiketi. Hapo sina kizuizi cha kumtuma mwanafunzi kwenye lugha nyingine, mradi nimjulishe anakokwenda. Arthur Frommer alianzisha mtindo huo mwaka 1957 kwa kitabu cha kuizunguka Ulaya kwa dola tano kwa siku. Bei zake zimekwisha kufa, lakini fikra yake ingali hai: kwamba mwenye fedha kidogo huona mengi zaidi kwa sababu hukaa karibu na watu. Rick Steves amekuwa akitoa Europe Through the Back Door tangu mwaka 1980, na hicho ndicho cha kumsaidia anayepanga safari. Anayetaka kuonja utamu wa kutembea na amsome Patrick Leigh Fermor, A Time of Gifts, cha mwaka 1977. Mwandishi huyo aliondoka Uholanzi kwa miguu mwezi Desemba 1933, naye ni kijana wa miaka 18, akikusudia kufika Istanbul. Kiingereza chake ni kigumu, na mwanafunzi aambiwe hivyo mapema asije akadhani upungufu ni wake.

Je, hayamfai?

Jibu la pili lina ukweli nusu, na ndiyo sababu ni la hatari. Ni kweli kwamba vitabu vya Ulaya vya safari ya shanta vimeandikiwa msomaji mwenye pasi inayofungua milango. Vinamwambia apakie nguo chache na aondoke. Havimwambii kijana wa Msumbiji, wa Tanzania au wa Kenya kwamba kabla ya shanta iko viza. Nchi 29 za Schengen hutumia viza moja, na ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Mwombaji huonyesha bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, mahali atakapolala, fedha za kujikimu na dalili za kutosha kwamba atarejea kwao. Akikubaliwa, hawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Havimwambii pia kwamba tiketi ya treni iitwayo Interrail, iliyoanza mwaka 1972, ni ya wakazi wa Ulaya, na kwamba mgeni wa kutoka nje hutumia ile ya Eurail, iliyotangulia kuanza mwaka 1959.

Lakini ukweli huo unathibitisha nini? Unathibitisha kwamba kitabu cha Kiswahili cha safari ya shanta kinahitajika, na kwamba sura yake ya kwanza iwe ya karatasi na ada. Hauthibitishi kwamba kijana wetu hana haki ya kuuliza. Mwenzangu aliyeniambia "huyo anaota" hajawahi kumwambia mwanafunzi anayesoma hadithi za Alfu Lela Ulela kwamba anaota. Kusoma habari za mahali ambako hutafika ni nusu ya kusoma kote.

Tena, sisi wa wilaya hii tuna sababu yetu ya kulipima neno hili. Mwezi Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya watu waliondoka kwa miguu na kwa mashua, kila mmoja na furushi lake. Wengi walilala porini, wasijue kesho yao iko upande gani. Kwa mtu aliyeijua safari kwa namna hiyo, kuuliza jinsi watu wanavyosafiri kwa hiari yao, wakijua watalala wapi na watarudi lini, si anasa. Ni kuuliza watu wenye amani wanaishi vipi. Mwalimu anayemcheka kijana kwa swali hilo hajui anachokicheka.

Je, si kazi yetu?

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi kuliko mengine, kwani aghalabu hutoka kwa walimu hodari. Wanasema: nadharia ya muziki na tuwaachie walimu wa muziki. Wako wapi walimu hao katika shule zetu? Na hata wangekuwapo, wangeandika kwa lugha ya nani?

Hapa natoa ushahidi ambao hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayeukana. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kabla ya kitabu hicho, washairi wetu walizijua sheria za mizani na vina kwa kusikia, mwanafunzi akimfuata mwalimu wake. Baada yake, mtu wa Tabora na mtu wa Lamu waliweza kuzisoma, kuzijadili, na hata kuzipinga. Mabishano makubwa ya ushairi yaliyofuata katika miaka ya 1970 yasingekuwa na mahali pa kusimama bila ya sheria zilizoandikwa. Naye Sheikh alishikilia kwamba shairi ni kitu cha kuimbika. Maana yake ni kwamba tunapomfundisha mtoto kuhesabu mizani nane na nane katika mshororo, na kumwonyesha kituo na kiitikio, tayari tunamfundisha sehemu ya nadharia ya muziki. Tunaikata njiani tu, tukamwacha mlangoni.

Watasema istilahi hazitoshi. Basi natazamwe maneno yafuatayo, yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida.

Chukua udi. Piga uzi mmoja mtupu, na sauti yake uiite do. Ubane uzi huo katikati yake hasa, kisha upige: utasikia do ile ile, lakini ya juu. Sasa ubane mahali ambapo sehemu inayolia ni theluthi mbili za uzi wote: utasikia so. Do na so hupatana kwa sababu urefu wa nyuzi zake umepimana kwa hesabu ndogo, tatu kwa mbili. Kadiri hesabu inavyokuwa ngumu, ndivyo sikio linavyoona ugomvi.

Sasa weka udi chini. Hesabu moja mpaka sita bila kukoma. Mkono wa kulia ugonge meza penye moja, tatu na tano; wa kushoto ugonge penye moja na nne. Mkono mmoja umegonga mara tatu na mwingine mara mbili katika muda ule ule, na yote miwili hukutana tena penye moja. Hiyo ni mbili juu ya tatu, nayo ni uti wa mgongo wa ngoma nyingi za Afrika.

Ni istilahi gani iliyokosekana? Sikutumia neno moja ambalo mwanafunzi wa darasa la saba halijui. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kuandika kurasa nyingine mia moja za namna hiyo.

Na asipotokea, hasara ni kubwa kuliko tunavyodhani. Wanakwaya wa makanisa ya Afrika Mashariki husoma sol-fa, mfumo wa herufi ulioanzishwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, kisha ukaenezwa na John Curwen. Ni mfumo mzuri, na umewafanya watu wengi wasio na piano waweze kuimba sauti nne. Lakini mwanafunzi anayedhani kwamba sol-fa ndiyo muziki wote atapotoka. Akisikiliza taarabu ya Unguja, kama ile ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, atakutana na makamu ya Kiarabu iitwayo Rast. Mi ya Rast iko chini ya mi ya piano na juu ya ile mi iliyoshushwa nusu hatua. Haina kibonye katika kinanda cha kawaida. Akienda kusini ya nchi yetu atazikuta timbila za Wachopi, zilizotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Hizo huigawanya nafasi baina ya do ya chini na do ya juu katika hatua saba zinazokaribia kulingana, ilhali ngazi ya Ulaya huchanganya hatua nzima na nusu hatua. Hugh Tracey alikwisha kueleza habari za wanamuziki hao katika Chopi Musicians, mwaka 1948. Mwanafunzi aliyesoma nadharia ya Ulaya peke yake atasema mpiga udi amekosea, na timbila hazikutengenezwa vizuri. Atayahukumu makosa mahali pasipo na kosa, na atayahukumu nyumbani kwake.

Kwa sasa, basi, tumpe nini? Katika Kiswahili tumpe Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, ajue ni mtu gani huyo aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Hicho si kitabu cha nadharia, na tusimdanganye kwamba ni cha nadharia. Anayesoma Kiingereza aanze na Otto Karolyi, Introducing Music, cha mwaka 1965, kwa sababu ni chembamba na kinakwenda hatua kwa hatua. Aaron Copland, What to Listen for in Music, cha mwaka 1939, kinamfaa anayetaka kusikiliza zaidi kuliko kupiga. Mara tu baada ya kimojawapo asome The Music of Africa cha J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, cha mwaka 1974, ili asije akadhani Karolyi na Copland wamesema yote. Anayesoma Kireno yuko Bohumil Med wa Brazil, Teoria da Música. Lakini hicho ni kitabu kinene cha kurejea, si cha kusoma mfululizo, na mwalimu atakayemkabidhi kijana bila maelezo atamfukuza.

Yatupasayo

Sipendekezi tuunde kamati. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila tawi la chama chetu liwe na daftari la vitabu vya kupendekeza nje ya silabasi, limepangwa kwa mambo na si kwa waandishi: safari, muziki, uvuvi, afya, hesabu, nyota. Kila kitabu kiandikiwe mistari mitatu: kinahusu nini, ni kigumu kiasi gani, na kinakosa nini. Kitabu kilichosifiwa bila kutajwa upungufu wake hakijapendekezwa, kimetangazwa tu.

Pili, habari za safari za Amur bin Nasur, Salim bin Abakari na Martin Kayamba zitolewe upya kwa tahajia ya leo, pamoja na ramani na maelezo mafupi, zisomwe kama safari.

Tatu, kiandikwe kitabu kidogo cha nadharia ya muziki kwa Kiswahili, kisichozidi kurasa mia moja. Wapigaji tunao: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kiko Unguja, na taasisi ya sanaa iko Bagamoyo. Huku kwetu wapo akina mama wa tufo, ambao wanajua kuipanga mipigo ya matari bila kuhitaji karatasi. Wao wana muziki na sisi tuna kalamu. Mmoja wetu aketi na mmoja wao, na kila sura isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyepiga chombo chochote. Asipoielewa, iandikwe upya.

Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Tumeshangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini heshima ya lugha haipimwi kwa hotuba za siku moja. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vijana wetu wakwende tezi, wakwende omo, wasome Kireno na Kiingereza na lugha nyingine zote wawezazo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba watakaporejea ngamani watakuta kitu.